Vaisi imenyooka kwa kulinganishwa na nini?

Fundi akikuambia vaisi (jiliwa la kubania chuma) ya mashine yake ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kikata kinachozunguka, imenyooka, muulize imenyooka kwa kulinganishwa na nini. Mmoja atakuonyesha ukingo wa meza. Mwingine atakuonyesha mstari wa sifuri uliochorwa kwenye kitako cha vaisi. Wa tatu atakuambia aliipima kwa skwea siku alipoifunga, na tangu hapo haijaguswa. Kila mmoja anasema kweli kwa kiasi chake, lakini hakuna aliyetaja kitu ambacho mashine yenyewe inakifuata.

Huku nyanda za juu kusini swali hili si la darasani tu. Kuna shafti za mashine za kusaga mahindi kila kijiji, mashine za kumenya kahawa Mbozi, misumeno ya mbao Mafinga, pawatila za wakulima wa mpunga Usangu. Vipuri vyake vinakatika, na si kila mtu ana muda wa kusubiri karakana kubwa. Ndiyo maana siku hizi unaweza kukuta mashine ndogo ya milingi kwenye banda nyuma ya nyumba, Uyole au Makambako, ikizunguka kwa umeme wa kawaida wa nyumbani. Mashine ya namna hiyo inaweza kutoa kazi nzuri sana. Kinachoiangusha mara nyingi ni jiliwa lililo juu ya meza, yaani vaisi, na mazoea ya kudhani kwamba kunyoosha vaisi ni jambo moja.

Ni mambo manne. La kwanza, taya tuli, lile lisilotembea, liwe sambamba na mwendo wa meza wa kushoto na kulia. La pili, sakafu ya vaisi, pale kazi, yaani chuma kinachochongwa, inapokalia, iwe sambamba na mwendo wa meza pande zote mbili. La tatu, taya tuli lisimame wima juu ya sakafu hiyo. La nne, spindo ya mashine, yaani mhimili wa kichwani unaozungusha kikata, isimame wima juu ya meza, na hili si la vaisi kabisa ingawa vaisi ndiyo inayolaumiwa. Kila kosa kati ya haya huacha alama yake kwenye chuma. Ukizifahamu alama hizo, hutapoteza Jumamosi nzima ukigonga vaisi kumbe kichwa cha mashine ndicho kilichoinama.

Anza na la kwanza, kwa sababu ndilo linalodanganya zaidi. Mteja ameleta shafti ya milimita 28, inataka mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachofanya shafti na puli zizunguke pamoja. Kwa shafti zinazozidi milimita 22 hadi 30, kii ya kawaida ina upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 7. Umeifunga shafti kwenye vaisi iliyokaa mshazari kwa 0.3 ya milimita katika kila milimita 100. Jicho halioni pembe hiyo, na skwea iliyoegemezwa kwenye ukingo wa meza inaweza kuiacha ipite. Unakata mfereji wa milimita 50. Ukipima upana kwa venia, kipimo cha mataya kinachoteleza, unapata 8. Ukitazama kuta zake, zimenyooka.

Ni kweli zimenyooka. Endimili, yaani kikata, ilikata kwa kufuata reli za meza, haikuwa na habari na vaisi. Kilichoharibika ni uhusiano kati ya mfereji na mhimili wa shafti: mwisho mmoja umekwenda pembeni kwa 0.15 kuliko mwingine. Ndani ya puli, mfereji umekatwa sambamba na tundu. Zikikutana, kii inabana kwenye pembe mbili tu, puli inaingia kwa nyundo, mteja anafurahi kwamba imebana vizuri. Pembe hizo mbili zikilika, kii inaanza kucheza, na lawama zote zinaangukia chuma laini cha siku hizi. Ili ujue ukubwa wa kosa lenyewe, kiwango cha kawaida cha mfereji wa milimita 8 kwenye shafti kinaruhusu upana utofautiane kwa 0.036 tu. Kosa lako la mwelekeo ni mara nne ya hapo, na venia haikuliona kwa sababu venia inapima upana, haipimi mwelekeo.

Kwa hiyo kipimo cha unyofu ni mwendo wa meza. Ukingo wa meza unaweza kuwa umechongwa sambamba na mwendo huo, unaweza usiwe. Mstari wa sifuri kwenye kitako kinachozunguka ni wa kukufikisha karibu tu. Skwea pia ni ya kukufikisha karibu. Baada ya hapo inahitajika dayo geji, saa ya kupimia yenye ncha na sindano, yenye mgawanyo wa 0.01 ya milimita, na kitu cha kuishikilia.

Kabla ya dayo geji kuna kitambaa na jiwe. Ondoa vaisi yote. Safisha mifereji ya meza, futa meza, kisha pitisha kiganja taratibu. Kiganja kinasikia kilichovimba mahali ambapo jicho halioni kitu. Meza zilizowahi kutumika, hasa zile zilizoingia nchini kama mitumba, huwa na vidonda vilivyoachwa na drili na nyundo, na pembeni mwa kila kidonda chuma kimeinuka kidogo. Kilichoinuka ndicho kinachokuhusu, shimo lenyewe halina neno. Chukua jiwe laini la kunolea, tia mafuta, sugua kwa kulilaza bapa hadi uvimbe uishe. Usitumie tupa, maana tupa haichagui, itakula na pale palipokuwa pazuri. Fanya hivyo hivyo chini ya vaisi. Chenga moja ya chuma iliyonaswa chini ya kona inatosha kuharibu kila kipimo kitakachofuata.

Ukiwa hapo, fungua bati la taya tuli. Huwa linashikwa na skrubu mbili. Nyuma yake mara nyingi utakuta tope la mafuta na vumbi la chuma lililokauka, na hakuna dayo geji itakayokuambia kwamba tatizo liko nyuma ya bati.

Sasa dayo geji. Itundike kwenye kichwa cha mashine au kwenye spindo, isikae kwenye meza. Ikikaa kwenye meza inasafiri pamoja na vaisi na haitasoma chochote cha maana. Kama umeifunga kwenye spindo, chomoa plagi ukutani, weka gia ya chini, hakikisha spindo haizunguki. Ncha iguse taya tuli kwa kuliendea moja kwa moja, na uisukume ndani kidogo ili sindano iwe na nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Funga mwendo wa meza wa mbele na nyuma kwa nguvu ile ile utakayotumia wakati wa kukata, kwa sababu kukaza kufuli hilo kwenyewe huweza kuisogeza meza. Kisha sogeza meza kushoto na kulia.

Taya lililozeeka huwa na makovu katikati. Funga pareleli nzuri, yaani kipande cha chuma chenye pande sambamba, kati ya mataya, ichomoze juu kidogo, na usome kwenye pareleli. Kuna faida nyingine hapo: taya tuli hupinda kidogo vaisi inapokazwa, na wewe unataka kujua likoje likiwa limebeba mzigo.

Soma ukielekea upande mmoja tu. Ukienda kulia upate sifuri, ukirudi kushoto upate 0.03 mahali pale pale, hiyo si vaisi. Ni gibu za meza, vile vipande vinavyoibana kwenye reli zake, zimelegea, meza inageuka kidogo kila unapobadilisha mwelekeo. Kaza gibu kwanza. Kuhangaika kutafuta 0.005 kwenye meza inayocheza 0.03 ni kujichosha bure, na nimeona watu wakifanya hivyo kwa saa nzima huku wakiilaumu dayo geji ya Kichina.

Sehemu ya kugonga ndiyo inayowazungusha wengi. Jibu linategemea vaisi inazungukia wapi. Tuseme ina bolti mbili, kushoto na kulia. Kaza ya kushoto kiasi cha kushika, ya kulia iache imegusa tu. Peleka ncha upande wa kushoto, karibu na bolti iliyokazwa, uweke sifuri. Sogeza hadi kulia. Sindano imesoma 0.12. Kwa kuwa vaisi inazungukia bolti ya kushoto, kosa karibu lote liko kulia, kwa hiyo gonga kwa nyundo ya plastiki hadi 0.12 iishe. Rudi kushoto. Hutakuta sifuri kamili, kwa sababu ncha haikuwa juu ya bolti yenyewe. Weka sifuri upya, nenda kulia tena, gonga tena. Kila mzunguko kosa linapungua, na kwa kawaida halichukui mizunguko mingi.

Vaisi yenye kitako kinachozunguka ni habari nyingine. Yenyewe inazungukia katikati. Kushoto sifuri, kulia 0.12: ukigonga hadi kulia kuwe sifuri, kushoto kutakuwa kumetoka kwa 0.12, na ukirudi utaona kosa ni lile lile limegeuka upande. Utakimbizana na sindano mchana kutwa. Kwenye kitako cha namna hiyo unagonga nusu tu. Kulia kukishuka hadi 0.06, kushoto nako kumepanda hadi 0.06, na pande mbili zikisoma sawa umemaliza. Namba inayosomwa si lazima iwe sifuri. Kinachotakiwa ni kwamba isibadilike. Kwa maoni yangu, kwenye mashine ndogo kitako hicho kifunguliwe kiwekwe kando hadi siku kitakapohitajika kweli. Kinakula nafasi chini ya spindo na kinaongeza kiungo kimoja cha kutikisika.

Ukikaza bolti ya mwisho, pima tena. Nati inapozunguka huburuta kitako nayo. Washa (kile kiringi cha chuma) nene na bapa chini ya nati hupunguza mburuto huo, lakini haiuondoi.

Kiasi gani kinatosha? Kwa mifereji ya kii na kazi nyingi za vipuri vya mashamba, tofauti ya 0.02 kwenye urefu wote wa taya la milimita 100 au 125 ni nzuri. Kwenye mfereji wetu wa milimita 50 hiyo ni 0.01. Ukitengeneza bamba refu au kifaa cha kushikia kazi nyingine, tafuta 0.01.

Jambo la pili, sakafu, linapimwa kwa dayo geji hiyo hiyo ikitazama chini. Weka pareleli mbili za kimo kimoja, pitisha ncha juu yake kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Ikiwa upande mmoja uko juu, usikimbilie kuweka kipande cha kopo chini yake. Legeza kwanza bolti huku ukiangalia sindano. Ikiruka, kitako kilikuwa kinapindwa na bolti juu ya kitu fulani, na kitu hicho kitafutwe. Ikiwa imetulia na kosa lipo pale pale, basi vaisi yenyewe haikuchongwa sawa. Hapo ndipo kipande cha kopo la soda, chenye unene wa takribani 0.1, au karatasi ya sigara, yenye kama 0.025, vinaweza kusaidia kwa muda. Suluhisho la kudumu ni kukipeleka kitako kikasagwe kwenye mashine ya jiwe.

Taya kusimama wima hupimwa kwa kushusha na kupandisha dayo geji ikigusa uso wa taya. Hili nalipita haraka, kwani vaisi nyingi zikisafishwa nyuma ya bati hurudi mahali pake.

Kichwa cha mashine kinahitaji maelezo marefu kidogo. Hapa dayo geji inafungwa kwenye spindo kwa fimbo iliyopinda ili ncha ichore duara la milimita 200 hivi juu ya meza, na spindo inazungushwa kwa mkono. Mifereji ya meza itakwamisha ncha. Achana na shauri la kununua bamba la chuma la gharama: kipande cha kioo kinene cha milimita 10, mabaki ya fundi madirisha, kinafanya kazi hiyo vizuri. Ukitaka kujua kama kioo ni kizuri, soma pande nne, kigeuze nusu duara, soma tena. Namba zikibaki zilipokuwa, kioo hakina kosa na unachosoma ni kichwa. Zikihama pamoja na kioo, tafuta kingine.

Usinyooshe kichwa kwa kupima juu ya vaisi. Ukifanya hivyo, kosa la sakafu ya vaisi linaingia kwenye kichwa, na sasa una makosa mawili yanayofichana. Kazi ya siku ile itatoka sawa. Siku utakayofunga kitu moja kwa moja kwenye meza ndipo utashangaa.

Alama za kichwa kilichoinama zinasomeka bila kifaa. Kikiinama kushoto au kulia na wewe unakata kwa kusogeza meza kushoto na kulia, uso unatoka na bonde la kina kidogo katikati ya njia ya kikata. Kwa mwinamo wa 0.05 katika milimita 100 na kikata cha milimita 60, bonde hilo lina kina cha 0.015 hivi. Rula ikiwekwa juu na tochi nyuma yake, mwanga unapenya. Kikiinama mbele au nyuma, kila mpito unatoka bapa lakini umelala, na pale mpito mmoja unapokutana na mwingine kuna ngazi. Kikata cha milimita 20 kwa mwinamo ule ule kinaacha ngazi ya 0.01, nayo ukucha unaisikia. Ngazi hizo watu huzisahihisha kwa kusugua sandpepa, jambo linaloficha ushahidi tu.

Mashine nyingi ndogo zina bolti za kurekebisha kushoto na kulia peke yake. Mbele na nyuma unalazimika kuweka kipande chembamba chini ya nguzo. Kama bolti za nguzo zimeachana kwa milimita 200, kipande cha 0.1 upande mmoja kitageuza kichwa kwa 0.05 katika milimita 100. Piga hesabu hiyo kwanza, ndipo ufungue nguzo, kwa sababu nguzo ni nzito na kuifungua mara mbili si mchezo.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya nchi zenye karakana za joto la kudumu hulitaja kwa haraka. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai chuma kinauma mkono. Baridi yenyewe haidhuru. Mashine ikipoa yote kwa pamoja inasinyaa yote, na pembe zake zinabaki vile vile. Shida ni jua la saa nne linaloingia mlangoni na kupiga upande mmoja wa nguzo. Chuma cha kumimina hutanuka kwa kama 0.011 ya milimita kwa kila mita kwa kila digrii moja. Nguzo ya kimo cha milimita 800 na unene wa milimita 200, upande mmoja ukiwa na joto zaidi kwa digrii 5, inarefuka upande huo kwa 0.044, na kichwa kinainama kwa 0.022 katika milimita 100. Hayo ni zaidi ya yale uliyokuwa ukiyatafuta kwa dayo geji tangu asubuhi. Tundika pazia mlangoni, au pima na kukata katika hali ile ile ya jua.

Baada ya yote hayo, kazi bado inaweza kutoka upande mmoja mnene, na vaisi ikipimwa inaonyesha haina kosa. Sababu ni taya linalotembea. Vaisi za bei nafuu zina nafasi chini ya taya hilo, na skrubu inapolisukuma, linainuka kidogo na kubeba kazi nalo. Jaribio lake ni rahisi. Kaza, kisha tingisha pareleli zilizo chini ya kazi kwa kidole. Ya upande wa taya tuli imebanwa, ya upande wa pili inateleza. Gonga kazi kwa nyundo laini hadi zote zishike, na ukishagonga usikaze tena, maana kukaza ndiko kulikoinua. Kama uso wa kazi ni mbichi, haujachongwa, weka kipande cha nondo laini ya mviringo kati ya kazi na taya linalotembea. Nondo inagusa kwa mstari mmoja tu, hivyo kazi inalala kwa taya tuli badala ya kuvutwa na mataya mawili yasiyokubaliana.

Hakikisho la mwisho ni kipande cha kujaribia. Chonga uso mmoja, ugeuze chini, chonga wa pili, kisha pima unene kwenye kona nne kwa maikromita. Kushoto na kulia zikitofautiana, rudi kwenye sakafu ya vaisi. Mbele na nyuma zikitofautiana, kuna washukiwa wawili, sakafu na taya linaloinuka, nao wanatenganishwa kwa nguvu ya kukaza: rudia kipande kile kile ukiwa umekaza kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo na kukata kwa wepesi. Tofauti ikipungua, ni taya. Ikibaki vile vile, ni sakafu.

Vaisi nyingi zina mfereji chini ya kitako kwa ajili ya vipande vya kuiongoza ndani ya mfereji wa meza. Vikitengenezwa vikabana vizuri, vaisi inaweza kutolewa na kurudishwa ikaangukia karibu na pale pale. Pitisha dayo geji hata hivyo. Ni suala la dakika mbili, na shafti ya mteja ni moja.